Asali ya Mkuyu wa Ilolwe

Halfani bin Yahaya alikuwa fundi wa ngozi. Asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, alikaa kwenye baraza ya tembe lake pale Ilolwe, akilainisha ngozi ya mbuzi kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Juu ya dari bapa la udongo njiwa wake walitembea huku na huko wakinguruma. Kando yake, juu ya kigogo kilichochimbiwa ardhini, alitulia kozi, ndege wa kuwinda, kichwa kimevikwa kofia ndogo ya ngozi ambayo Halfani aliishona mwenyewe kwa sindano ya shanga. Wasafiri wa njia ya Mpwapwa walisimama kwanza kumtazama ndege huyo, kisha ndipo wakavua viatu vyao vilivyochanika.

Mikanda ya askari, viatu na mifuko ya kupakia punda ndivyo vilivyomlisha Halfani. Njiwa, kozi na nyuki hawakumlisha. Yeye ndiye aliyewahangaikia, kwa sababu aliwapenda na hakuwa na sababu nyingine. Mkewe, Stara, alizoea kusema, "Wenzangu waume zao huongeza mke. Wangu kaongeza mabawa." Alisema hivyo huku akiwamwagia njiwa makapi ya uwele.

Elimu ya kozi aliipata kwa baba yake, aliyekuja bara zamani za misafara, akiwa mtumishi wa Mwarabu mmoja aliyependa kuwinda kwa ndege. Mwarabu yule alikufa kwa homa njiani, na mali yake ikagawanywa na wenzake. Yahaya akarithi kile ambacho hakuna aliyekitaka, yaani namna ya kumzoesha kozi mkono wa mtu. Akaoa Ilolwe, akabaki. Kozi wa Halfani alikamata kwale na kanga mwitu uwandani, akawaleta bila kuwararua. Jioni alilala kati ya njiwa, na wakati wa baridi njiwa walimbana ubavuni ili wapate joto. Watu wa Ilolwe waliuliza jambo hilo mwanzoni. Baadaye waliacha kuuliza.

Ufugaji wa nyuki alifundishwa na Silvano. Silvano alikuwa Mgogo wa ng'ambo ya korongo, mtu mrefu, mpole, mvutaji wa ugoro, aliyekuwa na kikohozi kifupi kila alipotaka kuanza kusema. Wamisheni walimbatiza pamoja na mkewe Emilia na mdogo wake Yotham. Yeye na Halfani walichonga mizinga pamoja, wakaipaka nta kwa ndani, wakaitundika kwenye miti waliyoiona inafaa. Mzinga wao wa kwanza waliuweka katika mkuyu mkubwa ulioota ukingoni mwa korongo. Wakati huo hapakuwa na kitu pale ila kivuli na maji ya kuchimba mchangani.

Kisha Wadachi wakapapenda mahali hapo kwa sababu hizo hizo, kivuli na maji, wakajenga boma. Mkuyu ukawa ndani ya ua. Chini yake iliwekwa meza, na juu ya meza hiyo mashauri ya nchi yote ya karibu yakaamuliwa na Mjerumani mmoja ambaye watu walimwita Bwana Shauri. Mzinga haukuondolewa, kwa kuwa Bwana Shauri alipenda asali.

Alipenda na ndege pia. Jumapili alikuja hadi barazani kwa Halfani, akakaa juu ya kigoda kama mtu wa nyumbani, akamshika kozi mkononi kwa adabu kubwa. Kwao, alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, babu yake alikuwa na ndege wa namna hii. Walikwenda pamoja uwandani, wawili tu, na kwa muda wote huo Bwana Shauri hakuwa bwana wa mtu. Kozi aliporuka, wote wawili walinyamaza kwa namna moja. Halfani hakuwahi kumwambia mtu, lakini siku hizo alimhesabu kama mwenzake.

Kiangazi cha mwaka mmoja, reli ikiwa bado iko mbali upande wa mashariki, ng'ombe wa kodi walitoweka katika zizi la boma, na askari aliyekuwa zamu akakutwa amechomwa mkuki. Akida Hamidi, aliyekuwa na kazi ya kukusanya ng'ombe hao, akasema nyayo zimepita uani kwa Silvano. Nyayo zilikuwa zimepita uani kwa Silvano kweli. Akafungwa kamba, akaletwa chini ya mkuyu.

Watu wengi walihudhuria, na Halfani akiwa miongoni mwao. Silvano hakukijua Kiswahili vizuri, na siku ile kidogo alichokijua kilimkimbia. Akakohoa kile kikohozi chake, akasema kwa Kigogo. Alisema alikuwa akikamua. Alisema ng'ombe walipita uani kwake alfajiri wakiswagwa na mchungaji wa akida mwenyewe, wakaelekea upande wa Nzuguni, na kwamba yeye alimsalimu mchungaji huyo, "mbukwa", naye akaitikia. Alisema mkuki wake uko nyumbani, wautazame. Kisha akamgeukia mkalimani akasema, "Mrisho, mwambie kama nilivyosema."

Mrisho mkalimani alikuwa akila na kulala nyumbani kwa akida. Akamgeukia Bwana Shauri akasema, "Anakiri, Bwana. Anaomba asamehewe."

Halfani alizaliwa Ilolwe. Kigogo alikijua tangu ziwa la mama yake. Akasimama akasema, "Bwana, hakusema hivyo. Anasema ng'ombe wamechukuliwa na mtu wa akida."

Bwana Shauri akamtazama. Akamuuliza Mrisho kama ni kweli, na Mrisho akajibu kwamba huyu fundi ni rafiki wa mshitakiwa, kila mtu anajua. Bwana Shauri akasema shauri halikatizwi. Halfani akalazwa kifudifudi kwenye mchanga, akachapwa kiboko mpaka ngozi ya mgongo ikafunguka, na shauri likaendelea juu ya kichwa chake.

Jumapili Bwana Shauri alikuja barazani kama kawaida.

"Mgongo?" akauliza.

"Unapona, Bwana."

"Vizuri. Na huyu, amekula?"

"Hajala tangu juzi."

"Anaona wewe hulali," Bwana Shauri akasema kwa upole. "Ndege anajua." Akatoa kipande cha nyama katika leso, akamlisha kozi mwenyewe.

Ruhusa ya kumnyonga Silvano ilikuja kutoka pwani kwa simu ya waya. Tawi lililochaguliwa lilikuwa lile lile lenye mzinga, kwa kuwa ndilo lililokuwa nene. Emilia alisimama mbele ya watu, jua likimpiga utosini, na Yotham amemshika mkono. Silvano alipofikishwa chini ya tawi alimwona mkewe, akafungua kinywa akamwambia neno. Wakati huo huo tarumbeta ililia. Emilia aliona midomo ikicheza, lakini hakusikia kitu. Kisha ikawa imekwisha.

Nyuki wakatoka. Walitoka kwa utulivu, kama watu watokao kanisani, wakashuka kwa kamba, wakamfunika Silvano kuanzia kichwani hadi nyayo mpaka hapakuonekana ngozi wala nguo. Hawakumchoma mtu. Shaushi, mkubwa wa askari, alikuwa na amri ya kumshusha mara moja, lakini alipoona hali hiyo aliamuru watu wasubiri, nao wakasubiri. Wengine walikaa chini. Jua lilipoegemea vilima, nyuki wakarudi mzingani mmoja mmoja, na Halfani na Yotham wakaikata kamba. Mwili ulinukia nta. Wakauzika ng'ambo ya korongo, na mwalimu wa misheni akasoma maneno yake.

Ng'ombe wa kodi hawakuonekana, kwa hiyo ikasemwa kwamba ukoo wa Silvano uwalipe. Ng'ombe wake wachache wakachukuliwa na akida. Hawakutosha. Yotham naye akatiwa mnyororo wa shingoni pamoja na wafungwa wengine, akawa anachota maji ya boma na kubeba mawe, mpaka deni litakapokwisha. Hakuna aliyeeleza deni la ng'ombe linakwishaje kwa mawe.

Mvua zikaja, zikaenda. Uwele ulipochanua nyuki walifanya kazi sana, na mashamba yalipokauka Halfani aliona kwamba mzinga wa mkuyuni umekuwa mzito, umelivuta tawi chini. Mgongo wake ulikuwa umepona vibaya. Ngozi yake ilikuwa ngumu mahali kadhaa, na yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kulainisha ngozi, hakuweza kuilainisha. Hata hivyo alipanda. Ilikuwa alasiri, boma limelala usingizi wa joto. Alipuliza moshi, akaufungua mzinga, akakuta masega yote ni mapya na meupe. Alikata yale ya karibu na mlango akayatia katika kibuyu. La ndani kabisa, lililokuwa kubwa kuliko yote, alilikata na kuliweka kando, na kwa mazoea akalamba kidole.

Kinywa chake kikakohoa kikohozi kifupi, kikasema kwa Kigogo, kwa sauti ya Silvano: "Bwana, mimi nilikuwa nikikamua."

Halfani alikaa kidogo juu ya tawi. Kisha akaona moshi unamwishia, akalifunga sega kwa majani, akashuka.

Hakwenda kwake. Alivuka korongo hadi kwa Emilia, akamkuta akipepeta.

"Shemeji, nimeleta fungu la Silvano," akasema.

"Karibu, shemeji."

"Onja kwanza haya ya mlangoni. Onja ukiwa umekaa."

Emilia akakaa, akaonja. Sauti ya mumewe ikatoka kinywani mwake, ikakohoa, ikasema, "Mpini wa jembe kubwa umelegea. Usilitumie kabla sijaupigilia."

Emilia akameza. Akalamba midomo polepole.

"Ni yeye," akasema. "Bado anavuta ugoro."

Akaonja tena. Sauti ikasema kwamba mbuzi mweupe anatafuna kamba, afungwe kwa ngozi. Halfani akasema ngozi ipo, ataileta kesho. Emilia alijaribu tena lile la mpini wa jembe, akalamba mahali pale pale pa sega, lakini palikuwa na utamu tu. Kilichokwisha kusemwa hakikurudi.

Tangu siku hiyo Emilia alikula asali ile kidogo kidogo, baada ya kazi, akisikiliza. Yalikuwa maneno ya nyumbani, yale ambayo mtu angeyasema mwenyewe kwa miaka iliyobaki kama asingekatizwa. Majirani waliopita waliisikia sauti ya Silvano uani, wakamsalimu, wakaendelea na safari zao. Mama mmoja alikuja kumtaka radhi kwa ugomvi wa zamani, akakuta asali ya siku hiyo imeshaliwa, akaahidi kurudi.

Lile sega la ndani lilibaki limefungwa. Halfani alikuwa amemweleza Emilia alichokisema juu ya mti.

"Hayo ni maneno ya siku ya shauri," Emilia akasema. "Na baada ya shauri ilikuja kamba. Kwa hiyo lile neno lililomezwa na tarumbeta nalo limo humu, mwishoni."

"Limo."

"Nataka nilisikie, shemeji. Kila siku nalitazama hili sega, nataka nilisikie."

"Ni lako. Mimi siwezi kukuambia ufanye nini."

"Lakini umefikiri."

Halfani alikuwa amefikiri. Alisema, "Bwana Shauri hula asali kila asubuhi, kabla ya mashauri, watu wote wakiwapo. Maneno ya Silvano yaliharibiwa kinywani mwa Mrisho. Yakitoka kinywani mwa Bwana mwenyewe, sijui nani atayaharibu."

Emilia alilifunga sega, akalirudisha ndani. Lakini siku hizo habari zilienea kwamba wafungwa wa mnyororo watapelekwa kwenye tuta la reli, na waliopelekwa huko zamani hawakuwa wamerudi. Emilia akaenda kisimani makusudi. Akamkuta Yotham akichota, chuma kimemla shingo mpaka nyama nyekundu, inzi wamejaa. Yotham akamsalimu kwa heshima, "Shikamoo, dada," kama alivyomsalimu siku zote tangu alipoolewa, akauliza kama mbuzi wamezaa. Mwenzake wa mnyororo akavuta, na Yotham akaondoka nusu sentensi.

Jioni ile Emilia alileta sega barazani kwa Halfani, limefungwa vile vile. Stara akalipokea kwa mikono miwili, akamkalisha mwenzake, akampa maji. Wanawake hao walikaa pamoja mpaka njiwa wakaingia kulala.

Asubuhi Halfani alikwenda bomani na sega ndani ya sahani. Watu wenye mashauri walikuwa wamekaa mchangani. Akida Hamidi alikuwa mezani kwenye kiti chake, na Mrisho amesimama nyuma. Emilia alisimama pamoja na wanawake wengine. Bwana Shauri alifurahi kuona asali. Aliipaka kwenye mkate kwa kisu, akauma.

Akakohoa kikohozi kifupi. Kisha akasema kwa Kigogo safi, kwa sauti ambayo kila mtu pale aliijua: "Ng'ombe walipita uani kwangu alfajiri." Yale ya kukamua hayakuwapo, maana Halfani alikwisha kuyatumia mtini. "Mchungaji wa akida ndiye aliyewaswaga. Nilimsalimu, mbukwa, naye akaitikia. Walielekea Nzuguni. Mkuki wangu uko nyumbani, utazameni, una kutu."

Hakuna aliyeshtuka. Wazee wawili waliitikia kwa sauti ya chini, kama watu wanaofuata mazungumzo. Akida aliendelea kukoroga kahawa yake. Bwana Shauri alitafuna, akauma tena, akamgeukia mkalimani.

"Mrisho," akasema kwa Kigogo, "mwambie kama nilivyosema."

Kisha akameza, akauliza kwa Kiswahili, "Mimi nimesema nini?"

Jasho lilimtoka Mrisho mpaka likadondoka kwenye mchanga. Alimtazama akida, akautazama mti. Safari hii alitafsiri. Alitafsiri neno kwa neno, hata kutu ya mkuki, hata salamu. Alipomaliza hakuongeza kitu, akabaki ameshika mikono yake mwenyewe.

Bwana Shauri akaweka mkate chini. Akamgeukia akida. "Kweli?"

"Bwana," akida akasema bila haraka, "aliyesema maneno hayo ameshanyongwa."

Bwana Shauri akafikiri. Watu waliomjua waliona kwamba anafikiri kweli, uso wake ulikuwa ule wa Jumapili, wa kumfuata kozi hewani.

"Ndiyo," akasema mwishoni. "Ameshanyongwa. Na waya umekwisha kwenda pwani, na pwani wamejibu. Shauri limefungwa. Mtu hatoi ushahidi baada ya kunyongwa, hakuna utaratibu wa namna hiyo."

"Na Yotham, Bwana?" Halfani akauliza. Alijua kiboko kiko wapi, kilikuwa kimetundikwa nyuma ya kiti. Aliuliza hivyo hivyo.

"Ng'ombe wamerudi?"

"Hapana, Bwana."

"Basi." Akauma mkate, lakini safari hii hapakuwa na asali kwenye kipande hicho, na hakuna kilichosemwa. "Asali hii ni nzuri mno. Kuanzia leo mzinga huu ni wa serikali. Wewe utaurina, kwa sababu nyuki wanakujua. Iliyobaki hii niwekeeni ya kesho."

Mchana wa siku hiyo hiyo mnyororo ukaondoka kuelekea mashariki. Yotham alikuwa wa katikati, hakuweza kugeuka.

Kesho yake Emilia alitoka kwake mapema, akavuka korongo, akasimama nje ya ukuta wa boma, mahali ambapo ukuta ulikuwa mfupi na meza ilionekana. Halfani alikuwa pamoja naye. Askari wa zamu aliwaona. Alikuwa na haki ya kuwafukuza, lakini alisogea kando, akatazama upande mwingine. Jua lilipanda. Bwana Shauri alikuja, akaketi, akaletewa sahani. Alikula mabaki ya sega lote kwa mara moja, kwa kijiko.

"Emilia," akasema kwa sauti ya Silvano, akiwa ameinamia sahani, "usisimame hapa juani. Nenda nyumbani."

Emilia alisikiliza mpaka ukimya uliofuata nao ukaisha.

"Naenda," akasema.

Akajifunga kanga vizuri, akaondoka, hakukimbia wala hakulia, akavuka mchanga wa korongo hadi kivulini. Bwana Shauri aliinua kichwa, akamuuliza Mrisho amesema nini safari hii.

"Umemwambia yule mama aende nyumbani, Bwana."

"Mama gani?"

"Ameshakwenda."

Bwana Shauri akafuta midomo, akaita shauri la kwanza.

Jumapili ilipokaribia, Halfani alimchukua kozi mapema, akatembea naye mbali uwandani, peke yake. Akamvua kofia. Akazikata kamba za miguu kwa kisu cha kazi, akamrusha kama anavyorushwa kila siku. Kozi alipaa, akazunguka, akatazama chini akisubiri kwale afurushwe. Halfani hakufurusha kitu. Aliuficha mkono wake nyuma. Ilichukua muda mrefu kabla ndege hajaelewa, na Halfani alisimama muda huo wote, maana hakutaka kumdanganya kwa kuondoka kwanza. Aliporudi nyumbani Stara alikiona kigogo kitupu, akamwita jina lake, basi. Jioni njiwa walilala wameacha nafasi katikati yao.

Bwana Shauri alikuja na nyama katika leso. Akaambiwa ndege ameondoka.

"Amekwenda?" akauliza. "Kabisa?"

"Kabisa, Bwana."

Bwana Shauri alivua kofia yake. Alisimama barazani kichwa wazi, macho yamemlowa, akaitazama mbingu ya upande ule na huu. Halfani alimtazama alivyohuzunika, akaona kwamba ni huzuni ya kweli, akarudi kwenye ngozi yake.

Mwaka uliofuata akida Hamidi aliongezewa nchi ya kutawala. Mrisho aliendelea kutafsiri, ila sasa alikula peke yake. Mzinga wa mkuyuni ulijaa tena, na Halfani, kwa kuwa ilikuwa amri, alipanda akaurina, akapeleka yote bomani. Maneno ya Silvano hayakuwa yamekwisha. Bwana Shauri aliyasema asubuhi mezani, na alipojipatia tabia ya kulamba asali katikati ya kazi, aliyasema pia katikati ya mashauri. Mtu alipolazwa mchangani, Bwana Shauri alikohoa akasema kwa Kigogo kwamba uwele uanuliwe kabla ya umande, na Mrisho akamtafsiria Bwana, kisha akamtafsiria yule aliyelazwa hukumu, kisha kiboko kikaanza. Watu walizoea. Waliolazwa walizoea pia kusikiliza, na wengine walisema baadaye kwamba yale ya mwanzo yaliwatuliza kidogo.

Maneno hayo hayakuwa ya bomani, kwa hiyo daima alipatikana mtu wa kuyapeleka yanakostahili. Mara nyingine alikuwa mtu aliyetoka kuchapwa, kwa kuwa njia yake ilipita huko. Siku moja alikuwa yule askari wa zamu. Alivuka korongo, akabisha hodi kwa Emilia, akasema Bwana amesema dari limebonyea upande wa magharibi, liongezwe udongo wa kichuguu kabla ya mvua.

Emilia alimshukuru, akampa maziwa ya mgando. Kisha akapanda darini na kikapu, Halfani akimpokeza udongo kutoka chini. Kazi iliwachukua mpaka jioni. Mvua ya kwanza ilipokuja ilikuwa kubwa, ikapiga usiku kucha na siku iliyofuata, na tembe zima lilikaa kavu. Upande wa magharibi ndipo alipokuwa akilala Yotham. Mkeka wake ulikuwa umetandikwa hapo tangu alipochukuliwa, nao haukupata hata tone, mpaka mvua za mwaka huo zikaisha, na za mwaka uliofuata, Yotham asirudi, na Emilia akaukunja.